Dawa za Kichina kwa Wazungu: Zinaponya au Zinadhuru?

Watu wengi hufikiri kwamba miti shamba ni mambo yetu sisi watu wa vijijini tu. Hufikiri kwamba Mzungu akiumwa huenda hospitali, humeza vidonge, basi. Wengine wetu huona hata haya kusema kwamba nyumbani kwao hutumia mizizi na majani.

Ukweli sivyo. Ukienda London, Paris au New York leo, utakuta vyumba vya tiba ya Kichina katika mitaa mingi. Mtu amelala kitandani. Amechomwa sindano nyembamba mikononi na miguuni, naye ametulia kimya. Utakuta pia maduka yenye makabati ya droo ndogo ndogo. Ndani ya kila droo kuna mzizi, gome au jani lililokaushwa. Muuzaji hupima kwa mizani, hufunga katika karatasi, na mgonjwa huenda kuchemsha nyumbani kwake.

Tiba hiyo imewasaidia watu wengine. Wengine imewaharibu figo, na wengine imewaua. Leo tutaeleza ilifikaje kwa Wazungu, imefanya nini, na serikali zao zimefanya nini juu yake. Tunaeleza habari hizi za mbali kwa sababu swali lililowasumbua wao linatusumbua na sisi kila siku. Swali lenyewe ni hili: Tutajuaje kama dawa tunayopewa ni dawa kweli?

TIBA YA KICHINA NI NINI?

Wachina wamekuwa wakiandika habari za dawa zao kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Walimu wao wa zamani walifundisha kwamba ndani ya mwili kuna nguvu ya uhai. Nguvu hiyo wao huiita chi. Walisema hupita katika njia zake mwilini, kama maji yanavyopita katika mifereji ya shamba. Mfereji ukiziba, mtu huugua. Kazi ya mganga ni kuzibua.

Mganga wa Kichina humtazama mgonjwa ulimi. Humshika mkono karibu na kiganja, akasikiliza mapigo ya mshipa kwa vidole vitatu. Kisha huchagua tiba. Anaweza kumchoma sindano nyembamba kama unywele. Sindano hizo hazina dawa ndani. Anaweza kumpa miti shamba, mara nyingi aina nyingi pamoja. Anaweza kuchoma jani kavu karibu na ngozi ili kupasha joto. Anaweza pia kumkanda au kumpiga chuku.

Ndiyo, chuku! Ile ile wanayoijua wazee wetu, ya kuumika kwa pembe. Wachina hutumia vikombe. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki kule Rio, Brazil, watu walishangaa kumwona Michael Phelps, mwogeleaji mashuhuri wa Marekani, ana alama za mviringo mabegani. Kumbe alikuwa amepigwa chuku.

Madaktari wa hospitali wanaopasua mwili wa binadamu hawajaziona njia hizo za chi, kama wanavyoiona mishipa ya damu. Je, maana yake ni kwamba tiba yote ya Kichina ni uongo? Hapana. Maelezo ya dawa ni jambo moja, na kazi ya dawa ni jambo jingine. Mtu anaweza kueleza vibaya dawa inayoponya. Mwingine anaweza kueleza vizuri sana dawa isiyofaa kitu. Tushike jambo hilo, tutalihitaji huko mbele.

ILIFIKAJE KWA WAZUNGU?

Haikufika juzi. Mwaka 1683 daktari mmoja Mholanzi, Willem ten Rhijne, alitoa kitabu kilichoeleza tiba ya sindano. Yeye alikuwa ameiona Japani, na Wajapani waliipata kwa Wachina. Karne ya 19 ilipoanza, madaktari wachache wa Ufaransa waliijaribu. Baadaye wengi waliiacha.

Miti shamba ya Kichina ilifika Marekani kwa njia nyingine. Iliingia na vibarua. Katika karne ya 19 Wachina wengi walivuka bahari kwenda kuchimba dhahabu na kujenga reli. Walienda na waganga wao. Mmoja wao aliitwa Ing Hay. Alikaa katika mji mdogo wa John Day, jimbo la Oregon. Yeye na mwenzake, Lung On, walikuwa na duka lililoitwa Kam Wah Chung.

Siku zile Wachina hawakupendwa Marekani. Mwaka 1882 ilipitishwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1943. Lakini ugonjwa haujui rangi. Wazungu wa huko, wachungaji wa ng'ombe na wake zao, walimwendea Ing Hay awashike mkono na kuwapa dawa. Alifariki mwaka 1952. Duka lake limehifadhiwa kama makumbusho. Mamia ya aina za dawa zake zimo humo mpaka leo.

Hata hivyo, Wamarekani wengi hawakuwa na habari na mambo hayo. Walikuja kuamka mwaka 1971, tena kwa ajili ya kidole tumbo cha mtu mmoja.

KIDOLE TUMBO CHA MWANDISHI

Mtu huyo ni James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times. Mwezi wa Julai 1971 alikuwa ziarani China, akashikwa na kidole tumbo. Alipelekwa hospitali mjini Beijing. Madaktari wa Kichina walimchoma sindano ya ganzi ya kawaida, kama ile ya hospitali zetu, wakampasua na kukitoa.

Usiku wa pili baada ya kupasuliwa, tumbo likamsumbua kwa gesi. Mganga wa sindano akaja. Akamchoma kwenye kiwiko cha mkono wa kulia na chini ya magoti. Akamchomea pia jani karibu na tumbo. Reston aliandika kwamba baada ya muda mfupi alipata nafuu. Habari yake ilitoka katika gazeti tarehe 26 Julai 1971.

Sasa tazama jinsi habari inavyobadilika mdomoni mwa watu. Reston aliandika kwamba alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida. Lakini watu wengi walianza kusema kwamba Wachina walimpasua bila ganzi, kwa sindano zao peke yake! Uvumi ulikimbia kuliko gazeti. Hata leo wako wanaoieleza hivyo. Asiyesoma mwenyewe husomewa na wengine, tena husomewa vibaya.

Mwezi wa Februari 1972 Rais Nixon wa Marekani alizuru China. Hamu ya watu ikazidi. Mwaka 1973 jimbo la Nevada lilipitisha sheria ya kuwapa leseni waganga wa Kichina. Majimbo mengine yakafuata.

SINDANO ZAPIMWA

Watu walipozidi kuchomwa sindano, wataalamu walijiuliza: Je, hawa wanaopona, wanaponywa na sindano au wanapona wenyewe? Maana maumivu ya mgongo huja na kuondoka. Ukipaka majivu siku ambayo maumivu yalikuwa yanaondoka, utayasifu majivu.

Wajerumani waliamua kupima. Walichukua watu 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Wakawagawa mafungu matatu kwa kupiga kura, ili pasiwe na upendeleo. Fungu la kwanza walichomwa sindano mahali panapotakiwa na waganga wa Kichina. Fungu la pili walichomwa kidogo tu juu juu, mahali pasipotakiwa. Lakini wagonjwa wenyewe hawakujua tofauti hiyo. Fungu la tatu walipewa dawa za kawaida na mazoezi ya viungo.

Baada ya miezi sita waliulizwa hali zao. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Katika fungu la kwanza, karibu watu 48 katika kila 100 walikuwa na nafuu. Katika fungu la tatu, la dawa za kawaida, waliopata nafuu walikuwa 27 tu katika kila 100. Kwa hiyo sindano zilishinda.

Lakini ngoja kwanza. Fungu la pili je, wale waliochomwa mahali pasipotakiwa? Kati yao waliopata nafuu walikuwa 44 katika kila 100. Karibu sawa na wale wa kwanza!

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kuchomwa sindano kuliwasaidia wagonjwa wa mgongo, lakini mahali pa kuchoma hapakuwa na uzito mkubwa kama walivyofundisha walimu wa zamani. Huenda kulala kwa utulivu, kusikilizwa na mtu anayekujali, na kutumaini nafuu, ni sehemu kubwa ya tiba hiyo. Haya yanafaa kwa maumivu. Lakini hayawezi kuua vidudu vya malaria, wala kuunga mfupa, wala kuondoa saratani.

Serikali zimeamua kufuata vipimo vya namna hiyo. Ujerumani iliamua mwaka 2006 kwamba bima ya afya ilipie sindano kwa maumivu sugu ya mgongo na ya goti. Marekani, kuanzia Januari 2020, bima ya wazee ya serikali hulipia sindano kwa maumivu sugu ya kiuno. Hulipa mara 12 kwa siku 90. Mgonjwa akionyesha nafuu huongezewa, lakini haizidi mara 20 kwa mwaka. Asipoona nafuu, malipo yanakoma. Kwa magonjwa mengine bima hiyo hailipii sindano.

MSIBA WA BRUSSELS

Sindano, zikichomwa na mtu aliyefundishwa, mara chache huleta hatari. Miti shamba ni habari nyingine. Sikilizeni yaliyotokea Ubelgiji.

Mjini Brussels palikuwa na kliniki ya kupunguza unene. Wanawake wengi walikwenda huko. Kwa miaka mingi hapakuwa na malalamiko. Mwaka 1990 kliniki ilibadilisha mchanganyiko wa vidonge vyake, ikatia unga wa miti ya Kichina. Wanawake walimeza. Walikuwa na afya zao, hawakuwa wagonjwa. Walitaka kupungua mwili tu.

Mwaka 1992 madaktari wa figo walianza kuona jambo la ajabu. Wanawake ambao bado si wazee walifika hospitali figo zao zimekufa, na chanzo hakionekani. Walipoulizwa, wakakutwa wote walitumia vidonge vya kliniki ile ile. Mwaka 1993 madaktari walitangaza habari hiyo. Hatimaye waliojulikana kuathirika walipita 100. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu, au kuwekewa figo ya mtu mwingine.

Mabaya hayakuishia hapo. Sumu ile huleta pia saratani ya njia ya mkojo. Mwaka 2000 madaktari walitoa taarifa ya wagonjwa 39 waliokubali kutolewa figo zilizokufa ili zichunguzwe. Kati yao, 18 walikutwa na saratani.

Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika jina. Kuna mti ambao Wachina huuita han fangji. Kuna mwingine wanauita guang fangji. Majina yanafanana, na mizizi ikikaushwa inafanana. Lakini mti wa pili una sumu kali kwa figo. Kliniki iliagiza wa kwanza, ikaletewa wa pili. Unga ni unga. Nani angejua kwa kuutazama?

Tena kuna jambo jingine la kuangalia. Kwa kawaida waganga wa Kichina hawakuwa wakiutumia mti ule kupunguza unene. Matumizi hayo yalibuniwa huko huko Ulaya. Kwa hiyo waliosema "dawa hii imetumika miaka elfu mbili" hawakusema kweli yote. Mti ulikuwa wa zamani, lakini matumizi yalikuwa mapya.

Wala tusidhani sumu hiyo ni ya Wachina peke yao. Ulaya yenyewe ina mmea wa ukoo huo huo. Katika vijiji vya karibu na mto Danube na mito yake, katika nchi kama Kroatia, Serbia na Bulgaria, mmea huo huota kama gugu katika mashamba ya ngano. Mbegu zake ziliingia katika unga wa mkate. Kwa miaka mingi wakulima wa huko waliugua figo na kufa, bila kujua kwamba adui alikuwa ndani ya mkate wao.

MA HUANG: DAWA ILIYOVUKA MPAKA WAKE

Msiba mwingine ulitokea Marekani. Wachina wana mmea wanaouita ma huang. Kwa karne nyingi waliutumia kumsaidia mtu mwenye pumu au kifua kilichobana. Waliutoa kwa kipimo, pamoja na miti mingine, kwa siku chache. Mmea huo una nguvu kweli. Ndani yake kuna kitu kiitwacho efedrini, ambacho hospitali nazo hukitumia.

Wafanyabiashara wa Marekani waliona kwamba ma huang huamsha mwili na kupunguza hamu ya kula. Wakatengeneza vidonge vya kupunguza unene na vya kuwapa wanamichezo nguvu. Watu walimeza kila siku, kwa wingi, kwa miezi. Efedrini husukuma moyo kwenda mbio na hupandisha shinikizo la damu. Wengine walipata kiharusi. Wengine moyo ulisimama. Mwezi wa Februari 2003 mchezaji mmoja wa besiboli aliyekuwa akitumia vidonge hivyo alianguka akiwa mazoezini, kisha akafa. Mwaka 2004 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuza vidonge hivyo kama nyongeza ya chakula.

Hapa pana somo. Jembe ni zuri shambani. Ukimpiga nalo mtu kichwani, si kosa la jembe. Dawa yenye nguvu ya kuponya ina nguvu ya kuua pia. Atakayekuambia "hii ni ya asili, haina madhara," muulize: Je, mihogo michungu si ya asili?

SERIKALI ZILIFANYA NINI?

Baada ya misiba kama hiyo, kila nchi ilitafuta njia yake.

Australia iliwaandikisha waganga wa Kichina. Tangu Julai 2012, mtu hawezi kujiita mganga wa tiba ya Kichina huko mpaka awe amesoma na ameandikishwa. Akivunja taratibu, hufutwa.

Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliangalia dawa zenyewe. Zilitunga sheria mwaka 2004, ikaanza kushika kazi kamili mwaka 2011. Kwa sheria hiyo, dawa ya miti shamba inayotengenezwa kiwandani lazima iandikishwe. Mtengenezaji lazima aonyeshe kwamba imetumika si chini ya miaka 30, na kati ya hiyo, kwa kawaida, miaka 15 iwe katika nchi za Ulaya. Lazima pia aonyeshe kwamba chupa au boksi lina kile kilichoandikwa nje.

Marekani imefanya nusu nusu. Wachoma sindano katika majimbo mengi lazima wawe na leseni. Husoma miaka mitatu au zaidi na kufanya mtihani. Sindano ni za kutumia mara moja na kutupa, ili zisieneze homa ya ini wala UKIMWI. Lakini miti shamba mingi huuzwa kama nyongeza ya chakula, kwa sheria ya mwaka 1994. Muuzaji halazimiki kuthibitisha kwanza kwamba inaponya. Mpaka leo watu wanabishana juu ya sheria hiyo.

Mnaona basi, hata nchi zenye maabara na pesa hazijamaliza kazi hii.

JANI LILILOOKOA MAMILIONI

Tusije tukafikiri kwamba habari yote ni ya misiba. Iko habari moja njema, nayo inatugusa sisi moja kwa moja.

Mwaka 1967 serikali ya China iliwakusanya wataalamu watafute dawa mpya ya malaria. Dawa za zamani zilikuwa zimeanza kushindwa na vidudu. Mmoja wa wataalamu hao alikuwa mama aitwaye Tu Youyou. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale vya waganga. Walijaribu mimea mingi. Mmoja uliitwa qinghao. Mara ulifanya kazi, mara haukufanya.

Tu Youyou akarudi kusoma. Katika kitabu cha mganga Ge Hong, kilichoandikwa yapata miaka 1,600 iliyopita, aliona maneno ya kuloweka jani katika maji na kukamua, kisha kunywa. Kuloweka na kukamua! Hakusema kuchemsha. Mama huyo akafikiri: Labda moto ndio unaoiharibu dawa. Akatumia njia isiyohitaji joto kali. Mwezi wa Oktoba 1971 maji ya dawa aliyoyapata yaliua vidudu vyote vya malaria katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe kwanza, wapate kujua kama ina madhara. Ndipo wakawapa wagonjwa.

Dawa iliyotoka katika mmea huo huitwa artemisinini. Ndiyo asili ya dawa ya mseto tunayopewa zahanati, ile ya ALU. Tanzania ilianza kuitumia mseto kama dawa ya kwanza ya malaria kuanzia mwaka 2006. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel. Na Wamarekani nao, mwaka 2020, waliidhinisha sindano ya dawa ya jamii hiyo kwa malaria kali. Basi leo Mmarekani akirudi safarini na malaria kali, daktari wake wa hospitali humchoma dawa iliyoanzia katika jani la Kichina.

Lakini angalieni sana. Wengine wanasema: "Kama dawa inatoka katika jani, basi tupande jani, tuchemshe, tunywe." Shirika la Afya Duniani halikubali jambo hilo. Jani moja lina dawa nyingi, jingine kidogo. Katika chai huwezi kujua umekunywa kiasi gani. Mgonjwa hupata nafuu kidogo, homa inashuka, halafu inarudi kwa nguvu. Kwa mtoto mdogo, siku mbili za kungoja zinatosha kumwua. Tena vidudu vilivyoonja dawa kidogo bila kufa hujifunza kuizoea. Tayari vidudu vilivyoanza kuizoea dawa hiyo vimeonekana Rwanda, Uganda na Tanzania. Tukiipoteza dawa hii, tutashika nini?

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Tumeona mambo matatu. Qinghao ilipimwa, ikakutwa ni dawa kubwa. Sindano zilipimwa, zikakutwa zinasaidia maumivu, lakini si kwa kila ugonjwa, wala si kwa sababu zote zilizoelezwa. Unga wa Brussels haukupimwa, ukaua figo za watu wazima wenye afya. Zote tatu ziliitwa jina moja: dawa za Kichina.

Kwa hiyo jina halitoshi. Kusema "ni ya Wachina" hakutoshi. Kusema "ni ya wazee wetu" hakutoshi. Kusema "ni ya Wazungu" nako hakutoshi. Umri wa dawa hautoshi pia. Dawa haiulizwi kabila. Huulizwa kazi yake.

Basi, siku mtu akija mnadani na chupa zake, za Kichina au za kwetu, tumwulize maswali haya bila woga:

1. Ndani mna nini? Kama hasemi, usinunue.

2. Ni ya ugonjwa gani? Dawa ya magonjwa yote si dawa ya ugonjwa wowote.

3. Kipimo ni kiasi gani, na kwa siku ngapi?

4. Nani haruhusiwi kuitumia? Mjamzito je? Mtoto je? Mwenye presha je?

5. Imeandikishwa wapi, na wewe umeandikishwa wapi? Kesho nikidhurika nitakupata wapi?

Anayeijua kazi yake hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Na jambo la mwisho. Ukienda zahanati au hospitali, mweleze mganga kila dawa uliyotumia nyumbani. Usifiche kwa kuona haya. Wale wanawake wa Brussels, madaktari waligundua sumu kwa sababu wagonjwa walisema walichomeza. Kama wangenyamaza, vidonge vile vingeendelea kuuzwa, na figo zingeendelea kufa.

Ndugu wasomaji, zamani tulipokuwa hatujui kusoma, tulimwamini mwenye sauti kubwa. Sasa tunaweza kusoma kilichoandikwa juu ya chupa. Na kama hapakuandikwa kitu, hilo nalo tunaweza kulisoma.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Wajerumani waliwachoma wagonjwa wengine mahali pasipotakiwa?

2. Vidonge vya Brussels vilikuwa na makosa gani mawili?

3. Kwa nini chai ya jani la qinghao haiwezi kushika nafasi ya dawa ya mseto?

4. Taja dawa moja ya miti shamba inayotumika kijijini kwenu. Je, mnaweza kujibu yale maswali matano juu yake?